Aliyekuwa Naye Ndiye Aseme

Waliponiona nimerudi Bagamoyo na masanduku mawili na cheti cha diploma ndani ya bahasha ngumu, walisema sitaweza. Walisema hakuna mtoto wa pwani atakayempeleka mzazi wake akalelewe na watu baki kwa malipo. Jirani yangu mmoja wa Dunda, mtu mzima mwenye heshima zake, aliniambia mbele ya watu tulipotoka msikitini, "Salum, hapa mzee hulelewa na wanawe. Hiyo kazi yako ni ya huko kwenye baridi. Miezi mitatu tu utakuwa unapangisha vyumba." Watu wakacheka. Nikacheka nao, kwa sababu nilijua wasichokijua. Nilikuwa nimefanya kazi miaka kumi na moja Uingereza katika nyumba za wazee. Nilianza kwa kufua mashuka, nikamaliza nikiwa msimamizi wa zamu, na diploma nikaisomea hapo katikati bila kusaidiwa na mtu. Nilijua kwamba hata mtoto mwenye mapenzi huchoka.

Nilifungua nyumba ya kulea wazee, na mwaka wa kwanza nilipata wawili. Mwaka wa pili sita. Wa tatu kulikuwa na watu wanaosubiri nafasi, na mmoja wao alikuwa mama mkwe wa jirani yule yule. Sioni aibu kuyasema haya. Mtu akijisifu kwa jasho lake hajamwibia mtu. Nayasema ili msomaji ajue nilikuwa nimesimama wapi siku uvimbe ulipojitokeza shingoni mwangu.

Lakini kabla ya uvimbe alikuwapo Bi Tatu.

Ofisini kwangu nilibandika karatasi ya taratibu, na sehemu moja ilihusu mteja anapofariki. Anayezungumza na familia ni mimi peke yangu. Mtumishi halii mbele ya wazee wengine. Mtumishi haendi mazikoni. Kitanda kiwe kimetandikwa upya kabla ya adhuhuri. Meneja wangu wa kwanza kule ughaibuni ndiye aliyenifundisha hivyo. Alisema neno moja la mtumishi kwa wafiwa linaweza kuzaa kesi, nami nikaliamini hilo kuliko nilivyoamini mengi yaliyokuwa kwenye vitabu vya diploma.

Bi Tatu alikaa kwangu mwaka mmoja na miezi. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Asha, anayeuza chakula Msata pale yanaposimama mabasi na malori. Asha alimleta mama yake kwangu kwa sababu hakuwa na wa kumwachia, na jiko likizima siku moja basi na nyumba imezima. Ndugu zake walimsema sana. Walimwambia amemtupa mama yake.

Bi Tatu alifariki asubuhi, mikononi mwa dada Mwanaidi, mtumishi wangu wa kwanza kuajiriwa na mwenye mikono mizuri kuliko wote. Mwanaidi alinifuata ofisini, akaniambia maneno ya mwisho aliyoyasema bibi yule. Yalikuwa yanamhusu Asha. Nikamwambia, "Hayo yaishie hapa hapa."

Asha alifika na basi. Hakuketi.

"Kaka Salum, mama alisema nini?"

"Amepumzika kwa amani, dada."

"Hilo uliniambia kwenye simu. Nauliza alisema nini."

"Alipumzika kwa amani. Hakuteseka."

Akamgeukia Mwanaidi, aliyekuwa amesimama mlangoni na furushi la nguo za marehemu. Mwanaidi hakumtazama yeye, alinitazama mimi. Nikatikisa kichwa kidogo, kiasi ambacho mtu mwingine asingekiona. Asha alikiona. Akachukua lile furushi, akaenda kumwosha mama yake kwa ndugu zake. Kitanda kilikuwa kimetandikwa kabla ya adhuhuri, nami nilijiona mtaalamu.

Sasa nirudi kwenye ugonjwa.

Uvimbe ulikuwa chini ya taya, mdogo kama korosho iliyobanguliwa, na haukuuma. Nilikaa nao miezi, nikidhani ni jino. Mke wangu Zuwena ndiye aliyeona kwamba kola za mashati yangu hazifungi shingoni wakati tumbo langu linapungua. Katika hospitali moja kubwa ya Dar es Salaam walikata kinyama, wakapima, wakaniambia ni saratani ya tezi. Ningepewa dripu sita za dawa ya saratani, moja kila baada ya wiki tatu, damu ikikubali.

Dripu ya kwanza niliipata vuli inaanza. Nakumbuka kwa sababu tulifika tumelowa, tukakaa kwenye benchi la mbao na maji yanatuchuruzika, jalada langu nimeliweka ndani ya shati. Kwenye benchi lile watu hawaulizani majina. Wanaulizana, "Wewe wa ngapi?" Ukisema wa kwanza, wanakutazama kwa huruma. Ukisema wa tano, wanakutazama kwa wivu.

Aliyeketi karibu nami siku hiyo alikuwa wa kwanza kama mimi. Ni Bwana Mrisho, mkulima wa mananasi kutoka Kiwangwa, mtu mrefu mwenye viganja vilivyochanwachanwa na majani ya mananasi. Kwa bahati tulipangiwa siku zilezile, yeye na mimi, dripu baada ya dripu. Nilimweleza kazi yangu na diploma yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Diploma ya kulea wazee! Mimi mama yangu nilimlea bila cheti, na mpaka anakufa alikuwa ananigombeza. Ningekuwa na cheti si angenipiga kabisa?" Tangu siku hiyo akaniita Mzungu wa Dunda, na wauguzi nao wakalidaka.

Baada ya dripu ya pili nywele zilibaki kwenye mto. Nyusi zikafuata. Kucha zikawa nyeusi kama za fundi wa gereji. Ulimi ulionja chuma kila nilichokula, na harufu ya samaki anayekaangwa ilinitapisha, mimi niliyezaliwa na kukuzwa kwa samaki. Zuwena akahamishia mapishi yake uani kwa jirani. Hakulalamika kwa hilo. Alilalamikia jambo jingine.

"Baba Nasri, cheti chako kila mtu mjini anakijua," aliniambia siku moja akinipaka mafuta miguuni. "Ugonjwa wako anaujua nani? Watu wananiuliza uko wapi, nasema safarini. Safari gani mtu anarudi hana nyusi?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia watu wakisikia mwenye nyumba ya wazee anaumwa, watawatoa wazee wao. Tukakaa siku nne tunasemeshana kupitia watoto. Nawaambia wenye wagonjwa nyumbani: mgonjwa anayefoka anaogopa. Na wagonjwa nawaambia: hilo halikupi ruhusa.

Rehema ndogo zilikuwapo. Kulikuwa na mama mmoja mfagizi pale hospitali aliyegundua kwamba barafu ya ukwaju inatuliza kichefuchefu. Alikuwa akituletea kwenye chupa ya chai, anatugawia kimyakimya mmoja mmoja. Nimesoma kuhudumia watu miaka mingi, na huduma iliyo bora kuliko zote nilizopata ilitoka kwa mtu mwenye ufagio.

Dripu ya tatu iliangukia msimu wa mananasi. Mkewe Mrisho, Mama Siwema, alikuja na kapu zima, chumba cha dripu kikanukia shamba. Sisi wenye vidonda mdomoni hatukuweza kula hata kipande. Tulinusa tu. Mrisho akasema, "Kuleni kwa pua, bei ni ileile."

Baada ya dripu ya nne, joto la kaskazi likiwa limepamba moto, damu yangu ilishuka, nikapata homa, nikalazwa. Siku mbili baadaye wakamleta Mrisho kitanda cha pili. Hakuwa Mrisho wa benchini. Alikuwa amekauka, anapumua juujuu.

Siku hiyo mkewe alimletea uji, Mrisho akaonja, akausukuma. "Uji gani huu? Hata sukari unaninyima?" Mama Siwema alifunga chupa, akaipangusa, akaondoka kuwahi gari. Kesho yake, baada ya adhuhuri, Mrisho aliniita.

"Mzungu wa Dunda."

"Naam."

"Mke wangu akija, mwambie uji wa jana ulikuwa na sukari. Ni ulimi wangu tu. Nimemgombeza bure."

"Utamwambia mwenyewe, saa ya kuona wagonjwa imekaribia."

"Wewe mwambie."

Alifariki muda mfupi baada ya hapo. Wakaweka pazia, wakatoa pazia. Muuguzi mmoja kijana alifanya kazi yake kwa upole, sina la kumlaumu. Mashuka yakatolewa, godoro likafutwa, mashuka mengine yakawekwa. Nilikuwa natazama kona za shuka zinavyokunjwa, na kichwa changu, hata katika hali ile, kilisema: safi, wanafanya kama ninavyofundisha.

Kisha Mama Siwema akaingia na chupa ya uji.

Alisimama mbele ya kitanda kitupu. Hakuna aliyekuwa karibu isipokuwa mimi. "Kaka," akasema, "mwenzio wamemhamishia wapi?"

Nilikuwa na maneno ya mumewe mdomoni. Nilikuwa nayo yote. Nikasema, "Waulize wauguzi." Kisha nikageukia ukutani.

Pale dirishani kwa wauguzi wakamwambia aketi kwenye benchi amsubiri daktari. Daktari alikuwa na mgonjwa mwingine. Mama Siwema alikaa kwenye benchi lile, chupa ipo mapajani, ameishika kwa mikono miwili ili isipoe, na mlango wa wodi ulikuwa wazi. Nilimwona muda wote ule. Alijua, bila shaka alijua. Mtu hukaa vile kwa sababu bado hajaambiwa, basi bado ana kitu cha kushika. Daktari alipokuja nikasikia sauti ya Mama Siwema mara moja tu, fupi.

Nilirudi Bagamoyo siku ya tano. Dada Mwanaidi aliomba kwa Zuwena aje kunisaidia nyumbani asubuhi, kabla ya zamu yake. Alinilisha uji kwa kijiko kidogo, alinikogesha, aliniona nilivyo. Asubuhi moja nilikuwa dhaifu mno, nikahisi kwamba naondoka. Nikamuuliza, "Dada Mwanaidi, nikifa mikononi mwako hapa, utawaambia nini wanangu?"

Hakuacha kukoroga uji.

"Nitawaambia ulipumzika kwa amani, bosi."

"Basi?"

"Ndivyo ulivyotufundisha."

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningemjibu. Nilimtazama nikaona kwamba mwanamke huyu alikuwa amebeba maneno ya Bi Tatu mwaka wa pili sasa, kwa amri yangu, na kwamba Asha huko Msata alikuwa anaishi na lile jibu langu kama Mama Siwema alivyokaa na chupa. Nililia mbele ya mtumishi. Karatasi yangu ilikataza watumishi kulia mbele ya wateja. Haikusema lolote kuhusu mteja.

Dripu ya tano ilicheleweshwa wiki mbili, damu haikukubali. Ya sita niliipata mawingu ya masika yameshaanza kukusanyika. Kwenye benchi waliniuliza wa ngapi, nikasema wa sita, wakanitazama kwa wivu ule ule, nami sikufurahi kama nilivyodhani, kwa sababu pembeni yangu alikaa mtu mwingine. Picha walizonipiga baadaye hazikuonyesha uvimbe. Daktari alisema tutaendelea kuangalia. Naendelea kuangaliwa mpaka leo.

Nguvu ziliporudi kiasi cha kukaa kwenye gari, nilikwenda Kiwangwa. Mama Siwema alikuwa anamenya muhogo uani. Nilimpa salamu, nikampa pole, nikamwambia habari ya uji. Kisu kikasimama.

"Ulikuwa unajua siku ile?"

"Nilikuwa najua."

"Ukanigeuzia mgongo."

"Ndiyo."

Alimenya muhogo mzima kabla ya kusema tena. "Tangu siku ile sijapika uji. Wajukuu wanautaka, siwezi." Kisha akasema, "Haya, nimesikia." Hakuniambia amenisamehe, wala sikumwomba aseme.

Nikabandua karatasi yangu ofisini. Wenzangu mnaofanya kazi hii, hapa Bagamoyo au kokote, nawaambia tunavyofanya sasa, na mtu mwenye njia bora anifundishe. Mzee akifariki, aliyekuwa naye ndiye anayekaa na familia, na anasema alichokiona na alichokisikia, hata kama ni kidogo, hata kama si kizuri sana. Mimi hukaa pembeni, na jambo likiharibika ni langu. Wazee wenzake huambiwa kabla ya kitanda kuguswa, kwa sababu wao wanajua tu, na kimya chetu huwafanya wahesabu siku zao. Kitanda hakitandikwi mpaka matanga yaanuliwe, siku ya tatu. Kuna wanaosubiri nafasi, ndiyo. Wasubiri. Anayetaka kwenda mazikoni huenda, na zamu yake naishika mimi mwenyewe, mwenye diploma, nikibadilisha nepi. Na anayelia, analia. Sijapata kesi hata moja.

Lakini wale wa nyuma walikuwa bado. Wazee wanne walikuwa wamefia kwangu chini ya karatasi ile. Nilimwomba dada Mwanaidi tuwazungukie, tukaanza na wa karibu. Familia mbili zilitupokea kwa chai. Ya tatu walisema wamekwisha sahau, kisha wakatuzuia kuondoka mpaka jioni. Nilikuwa nikiahirisha ya Msata kila wiki. Mara mvua, mara kliniki. Mwishowe Mwanaidi alikuja asubuhi amevaa baibui lake la safari, akasema, "Leo bosi, au niende peke yangu."

Asha alikuwa bandani kwake, ameshika upawa, supu inatokota. Aliniona nikishuka, kofia kichwani, nyusi zimeota nusu. Hakunijua mpaka alipomwona Mwanaidi nyuma yangu.

"Mmekuja kula au mmekuja kufanya nini?"

"Nimekuja kukuomba radhi, dada Asha. Siku ile uliniuliza, nami—"

"Miaka miwili," akasema.

"Miaka miwili. Nataka nikueleze—"

"Wewe nyamaza. Aseme yeye."

Nikasogea nikakaa kwenye kreti la soda, nje ya kivuli cha banda.

Mwanaidi akaanza kwa sauti ndogo, malori yakipita mpaka Asha ikabidi ainame. "Asubuhi ile nilimkogesha, nikamkalisha kwenye mkeka, nikawa namsuka. Ameegemea goti langu. Nimefika katikati, akasema, 'Asha.'"

"Alisema Asha?"

"Alisema, 'Asha, mkono wako siku hizi mwepesi. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unanivuta mpaka machozi.'"

Asha aliuweka upawa chini.

"Na wewe ukasemaje?"

Hapa ndipo nilipokuwa napaogopa tangu mwanzo, na ndilo lililonifanya nifunge mdomo wa Mwanaidi siku ile. Mwanaidi akainamisha kichwa. "Niliitika, dada. Nilisema, 'Abee, mama.' Sikuwa na haki. Nilijifanya wewe. Nisamehe. Akacheka kidogo, akanyamaza, nikadhani amesinzia."

Supu ilifurika ikamwagikia mkaa, Asha hakuigeukia.

"Nilipomwosha," akasema, "nilikuta upande mmoja umesukwa na upande mmoja timutimu. Nikasema, hawa watu, hata nywele hawakummalizia mama yangu. Nimewaambia watu wote. Kila anayekuja hapa nimemwambia, walimwacha mama timutimu."

"Ndipo alipoishia," Mwanaidi akasema. "Mkono wangu ulikuwa kichwani kwake."

"Akidhani ni wangu."

"Akidhani ni wako."

Lori likasimama. Dereva, mtu mzima mwenye taulo shingoni, akaja anasugua mikono. "Mama, supu moja na chapati nne, za haraka!"

Asha alikuwa anafunika masufuria, moja baada ya jingine. Alivuta mkaa nje ya jiko kwa koleo.

"Leo siuzi, baba," akamwambia. "Nimefiwa na mama yangu."

Dereva akatoa taulo shingoni. "Pole sana, mama. Lini?"

Asha alikwisha keti kwenye benchi bega kwa bega na Mwanaidi, amemshika mkono, anamwambia aanze tena, taratibu, tangu asubuhi alipoamka.